Mikono ya Gauni la Sifa

Nilikwenda Stockholm kwa sababu ya gauni. Majirani zangu Morogoro walikataa kuamini. Waliniuliza kama nakwenda kutibiwa, kama nimepata mchumba wa kizungu uzeeni, na nilipowajibu kwamba nakwenda kushona, wakaangua kicheko. Mzungu hana cherehani? Ana, niliwaambia, ila hana shangazi.

Mdogo wangu Elia alikwenda Sweden kusomea umeme akiwa kijana, akaishia kuwa dereva wa basi. Huko alikutana na mke wake, Mkongo wa Uvira, kwenye darasa la Kiswidi, wakazaa binti mmoja tu, Sifa. Mwaka huo Sifa alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Elia akanipigia simu: "Dada, funga duka miezi mitatu. Njoo upumzike, na umshonee mtoto gauni la harusi. Tiketi niachie mimi."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema, na sababu yangu nyingine sikumwambia. Sifa nilikuwa nimemwona mara moja tu, akiwa na miaka minne, walipokuja kututembelea. Baada ya hapo tulikuwa tukiongea kwa simu, anacheka, ananisimulia mambo yake. Kisha, alipofika kama miaka saba, akaacha. Akawa anasema "Shikamoo shangazi" na kumrudishia baba yake simu. Miaka kumi na mitano ya shikamoo! Nilijiapiza kwamba sitarudi Morogoro kabla sijawa shangazi wa kweli kwa mtoto huyu, na gauni ndilo lingekuwa njia yangu.

Mwishoni mwa mwezi wa tano nikamwachia duka fundi mwenzangu Mwajuma, nikapanda basi la Dar es Salaam. Uwanja wa ndege mambo yalianza kunichanganya mapema. Mkasi wangu wa kukatia, niliokuwa nao miaka kumi na minane, niliuweka kwenye mkoba wa mkononi ili usipotee, na hapo ndipo ulipopotelea. Askari aliuinua, akaniuliza nataka kumfanya nini rubani. Nilimweleza kuhusu bibi harusi, akanipa hongera, na mkasi akabaki nao.

Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, nilifika jioni. Nasema jioni kwa kuwa saa ilisema saa mbili na nusu usiku, lakini jua lilikuwa limekaa juu ya miti bila dalili ya kuondoka. Elia alikuwa ananisubiri, mnene kuliko kwenye picha. Nikamuuliza watu wa huku wanalala saa ngapi. Akasema, "Dada, mpaka leo sijui."

Hallonbergen, mahali wanapokaa, ni magorofa marefu yaliyokaa kwenye mwamba, na chini yake inapita treni. Elia alinishusha mlangoni akaenda kuegesha gari, nikapanda lifti peke yangu hadi ghorofa ya saba. Wifi yangu, Mama Sifa, alifungua mlango kwa vigelegele. Tulikumbatiana. Kisha akanitazama miguuni, akasema kwa furaha, "Karibu shangazi! Tosha viatu, ingia."

Nikavitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, nilivinunulia safari hiyo. "Vinanitosha kabisa, wifi," nikasema. "Asante."

Akanitazama usoni, akanitazama tena miguuni, akacheka kidogo. Mimi nikacheka zaidi, maana sikujua tunacheka nini. Kisha nikaona viatu vimepangwa ukutani, naye yuko na soksi, nikavua vyangu. Nyuma yake alikuwa amesimama msichana mrefu, mzuri, ana paji la uso la marehemu mama yetu. "Shikamoo shangazi," akasema, na baada ya hapo akageuka kumsemesha mama yake Kiswidi.

Wiki ya kwanza niliishi kama mtu anayesikiliza simu ya mwenzake. Wifi anasema Kiswahili, Sifa anajibu Kiswidi, nami napata nusu ya mazungumzo. Hata ile nusu yangu haikuwa nyepesi. Kiswahili cha wifi kilikuwa na "frigo" kwa friji, na "robe" kwa gauni, na "niko nakwenda", na maneno ya kwetu yaliyovaa nguo za kigeni. Nikajisemea kwamba mgeni hasahihishi wenyeji, nikawa naitikia tu.

Jumamosi Sifa alinipeleka Kista, kwenye jengo kubwa la maduka, nikanunue mkasi na uzi. Ndani ya treni watu walikaa kimya kama wako kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Kati ya Hallonbergen na Kista tukapita kituo kitupu, hakina taa wala tangazo, treni haikupunguza hata mwendo. "Hapa hashuki mtu?" nikauliza. Sifa akavuta pumzi ghafla kwa mdomo, "hhh!", macho mbele. Nikamshika mkono nikidhani ni pumu. Akashtuka, nami nikashtuka, na bibi mmoja wa kizungu akahamia kiti kingine. Nilipomsimulia Elia, alicheka hadi akajifuta macho. Kumbe huko watu wengine wanaposema ndiyo, wanaivuta ndani badala ya kuitoa nje.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita nikafanya kosa ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Wifi hufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi hiyo alikuwa anafunga zipu ya koti huku ananiambia, "Shangazi, niko nakwenda ku kazi. Tosha nyama ku frigo, mangaribi tuko na wageni."

Sarufi ilinishangaza, lakini nikaelewa kwamba ananijulisha nyama inatosha, nisiwe na wasiwasi kuhusu wageni. Nikafurahi kwa ajili ya nyumba ya mdogo wangu. "Haya wifi," nikamjibu, "Mungu azidishe."

Wageni walikuwa wazazi wa Jonas, mchumba wa Sifa, Waswidi wapole wasio na maneno mengi. Wifi aliporudi na kufungua friji, nyama ilikuwa jiwe. Alisimama pale, mlango wa friji wazi, baridi inamshukia miguuni. Wageni wakala mayai na samaki wa kopo, wakasifu kila kitu. Nami nikajiuliza kwa nini mwanamke mwenye nyama ya kutosha anawapa wakwe zake mayai. Nilidhani ni mila.

Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia Elia, "Dada yako hapendi mutu amutume."

Maneno hayo yaliniuma. Mimi, niliyeosha vyombo vyao tangu siku ya kwanza! Nilitaka kumuuliza Elia, lakini alikuwa anatoka na basi lake la Hässelby alfajiri na kurudi amechoka. Nikanyamaza, kwa kiburi, na huo ndio ukweli.

Katikati ya mwezi wa sita tulifanya kipimo cha kwanza. Nilikuwa nimemaliza kiwiliwili na sketi, na mikono mirefu nimeishikiza kwa pini na mishono ya kupitia tu. Sifa alisimama mbele ya kioo cha chumbani kwa wazazi wake. Alijitazama mbele, akajitazama ubavuni, akanyoosha mkono mmoja, kisha wa pili. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtoto anayekariri aya ya kusoma kanisani. Mwishowe akanigeukia.

"Shangazi," akasema, polepole sana, "tafadhali. Tosha mikono."

Kiswahili! Mtoto amenisemesha Kiswahili, na tena sentensi yake mwenyewe! Nilifurahi kiasi kwamba nusura nimeze pini niliyokuwa nayo mdomoni. Nilielewa kwamba anaogopa mikono isije ikawa mifupi, maana yeye ni mrefu, ana mikono kama ya Elia. "Itatosha, mwanangu," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi kabisa. Itatosha."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akavuta ile ndiyo yake ndani, "hhh", na akanibusu shavuni. Usiku huo nililala kama mtu aliyepokea cheo.

Kwa hiyo niliamua kwamba mikono hiyo haitakuwa mikono ya kawaida. Wakati huo kulikuwa na karatasi kwenye lifti, jirani mmoja ameiandika kwa adabu nyingi na alama moja ya mshangao, akiomba, kama Elia alivyonisomea, cherehani ya ghorofa ya saba isisikike baada ya saa moja jioni. Nikaweka cherehani pembeni, nikachukua sindano. Mwanga ulikuwa wa bure, dirishani hakukuwa na giza la kunifukuza. Kwa wiki nne nilidarizi mikono ile, maua ya asumini kutoka begani mpaka kwenye kifundo, majani kwa uzi wa fedha, shanga ndogo katikati ya kila ua. Sifa akiingia naifunika kwa khanga. Nilitaka kumshtua. Nikiri kitu kingine hapa: bibi harusi wangu, kichwani mwangu, alikuwa na mikono mirefu tangu nikiwa Morogoro. Sikuwahi kumuuliza kama na kichwani mwake ndivyo alivyo.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, harusi imebaki wiki mbili, nikamwita kwa kipimo cha pili. Nikavuta khanga.

Sifa alisogea karibu. Aligusa ua moja kwa kidole, akaondoa kidole. Alilivaa gauni, akajitazama, akalivua taratibu kama anayevua nguo ya mtu mwingine. Akamwambia mama yake maneno mengi ya Kiswidi, sauti ikakatika katikati, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Sikuelewa neno lakini nililisikia jina langu, shangazi, mara tatu.

"Shangazi," wifi akasema, na safari hii hakucheka, "juu ya nini unamufanyia mutoto hivi? Alikuomba. Alikuomba na Kiswahili! Siku mbili alikuwa anajifunza ile maneno hapa jikoni."

"Ameomba itoshe," nikasema, "na imetosha!"

"Hukuitosha!"

"Imetosha mpaka kwenye kidole, wifi, njoo uone!"

"Ninaona! Iko hapa!" Akaushika mkono wa gauni, akautikisa mbele yangu. "Iko hapa! Ungeitosha, singeiona!"

Tukabaki tunatazamana, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa gauni, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake amerukwa na akili. Ndipo Elia akaingia na sare yake ya kazi. Akauliza kuna nini, tukamjibu wote wawili kwa pamoja. Alisikiliza. Nikaona uso wake unabadilika, kisha akakaa chini palepale mlangoni, katikati ya viatu.

"Dada," akasema, "kwao kutosha ni kutoa. Kuondoa. Tosha viatu ni vua viatu."

Nikarudi nyuma kwa mawazo, moja moja. Viatu. Nyama. Mungu azidishe! Wifi naye nilimwona anarudi njia ileile, mkono mdomoni.

"Ulisema vinakutosha," akasema taratibu. "Niliwaza, huyu mama, viatu vinamuvua yeye?"

"Na wewe Elia," nikamgeukia mdogo wangu, "miaka yote hii umeoa huko, hukuona haja ya kuniambia?"

"Dada, masikio yangu yameshachanganyika. Nasikia vyote viwili, sijui tena kipi cha nani."

Tulicheka, ndiyo, wifi mpaka akalia, akaniomba radhi kwa yale ya jikoni, nami nikamwomba kwa ile nyama. Lakini mlango wa Sifa ulikuwa bado umefungwa. Kwake yeye mambo hayakuwa ya kuchekesha. Alijifunza sentensi moja kwa ajili yangu, nikamwambia "itatosha", akaelewa nimekubali kuiondoa, halafu nikafanya kinyume kwa uzi wa fedha.

Asubuhi yake niligonga mlango wake nikiwa na gauni begani na wembe mkononi. Alikuwa amekaa kitandani, hakwenda kazini. Nikakaa chini, nikalaza gauni mapajani, nikatafuta mshono wa bega la kulia.

"Natosha mikono," nikamwambia, na nikakata uzi wa kwanza.

Sitadanganya kwamba haikuniuma. Wiki nne za macho yangu zilikuwa pale. Lakini niliendelea, mshono baada ya mshono, na nilipofika kwapani akashuka kitandani, akakaa sakafuni karibu nami, akavuta bega la kushoto. Nikampa wembe mwingine. Nikamwonyesha namna ya kuulaza ili asikate kitambaa. Ana mkono mtulivu, angekuwa fundi mzuri.

Nilimsimulia kosa langu lote, viatu na nyama na mayai ya wakwe. Akacheka kwa sauti. Kisha akaacha kucheka.

"Mi naogopa kusema Kiswahili," akasema. Alikuwa anatafuta kila neno, anasimama, anaendelea. "Watu wanacheka. Wewe ulicheka."

"Mimi? Lini?"

"Ku simu. Nilikuwa mudogo. Nilikuambia nimetosha jino. Ukacheka. Ukaita watu."

Wembe ukasimama. Nilikumbuka. Ilikuwa dukani, nina wateja, na sauti ndogo inaniambia kwa fahari, "Shangazi, nimetosha jino!" Niliona ni kichekesho cha mwaka. Nikamwita Mwajuma, nikamwambia asikilize, mtoto wa Elia anasema ametosha jino, nikamwomba Sifa arudie. Alirudia. Tukacheka duka zima. Mtoto alikuwa ananipa habari ya jino lake la kwanza kung'oka, nami nikaigawa kama karanga.

Miaka kumi na mitano nilikuwa nikijiuliza kwa nini huyu mtoto ananirudishia simu.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Jino lilikuwa lipi?"

Alifikiri kwanza. Kisha akafungua mdomo, akanionyesha la chini, la mbele, la kushoto. Nikalitazama vizuri. Nikamwambia kwamba lililoota baadaye ni zuri sana. Akavuta pumzi ndani, "hhh", tukaendelea kufumua.

Siku ya harusi, katikati ya mwezi wa nane, nilimfunga zipu mimi. Mabega yake yalikuwa wazi, na nilikuwa nimekosea, alipendeza kuliko bibi harusi wa kichwani mwangu. Mkono mmoja wa maua niliukata nikaushona kwenye ukingo wa shela, yeye mwenyewe aliomba. Mwingine niliuweka kwenye sanduku langu. Akageuka mbele ya kioo, akashusha mikono yake mitupu, akasema, "Inaenea, shangazi."

Haraka nikainama kwenye pindo kutafuta kitu kinachoenea. Doa? Mshono unaofumuka? Sikuona kitu. Mara hii sikuitikia, sikusema haya. Niliinuka nikamuuliza, "Mwanangu, enea maana yake nini?"

Akafikiri, akatabasamu. "Ni tosha yako," akasema.

Mwisho wa mwezi wa nane nikaondoka. Jioni zilikuwa zimeanza kuwa na giza, kama nchi imekumbuka kazi yake. Arlanda, wifi alinishika mikono yote miwili. "Shangazi, usitoshe machozi," akaniambia, naye akiyatosha yake waziwazi. Nilielewa kila neno na bado nikayatosha. Mkasi mpya ulikuwa ndani kabisa ya sanduku kubwa.

Morogoro nimerudi dukani kwangu. Ule mkono wa asumini nimeutundika ukutani juu ya cherehani, na wateja hudhani ni sampuli. Kama kuna kitu nilichorudi nacho, ni swali. Zamani mteja akiniambia kitu nilikuwa naitikia huku chaki imeshashuka kwenye kitambaa. Siku hizi namuuliza una maana gani, naye ananionyesha kwa mkono wake, na wengine wanakasirika wakidhani fundi amezeeka. Mwajuma naye nimemsimulia habari ya jino. Hakucheka.

Wiki iliyopita, nikiwa napiga pasi, simu ililia, ni ujumbe. Namba ilikuwa ya Sweden, lakini haikuwa ya Elia.

"Shikamoo shangazi. Mimi na Jonas tunakuja Desemba. Chumba kitatosha?"

Nikausoma mara mbili, nikaweka pasi pembeni. Lilikuwa neno langu, kwa maana yangu, kama tunavyolisema hapa. Nikatafuta lake, nikaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja:

"Marahaba. Kitaenea, mwanangu."